Pistole ya Rangi ya Yaya Louis

Padri wetu, wazee, majirani wa Nyakasanza, na ninyi wote mliopita vizuizi vya njiani ili kufika uwanja huu, jamaa imemweka Gustave, mdogo wa marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, asome maisha ya yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba atasoma yote aliyoandika kwa mkono wake, hata lile ambalo jamaa haijalisikia bado, juu ya nani aliyewaleta watu wenye silaha mu nyumba hii, maana marehemu ameaga akiamini kwamba ni jirani yake Roger, na wengi mnaokaa hapa mnaamini vilevile.

Louis Uvoya alizaliwa Mahagi tarehe 9 Februari 1951, akaingia shule ya misheni mwaka 1958, akaishia mwaka wa tano baba yetu alipofariki, na Kifaransa alichokijua alikipata kwa kusoma maandishi ya makopo ya rangi, wala hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu wa diploma. Mwaka 1969 alifika Aru, akaosha magari mu garage moja, akatazama mafundi wakipaka rangi mpaka mkono wake ukajua. Mwaka 1975 alihamia Bunia kupaka rangi trekta za mashamba, na tarehe 11 Juni 1977 akafunga ndoa na mama Marcelline, Mungu akawapa Annette, Michée na Glodie.

Mwaka 1986 alirudi Aru kununua chombo cha kurushia rangi, kile tunachokiita pistole, jina moja na bastola, na mwuzaji akamwekea mbili mezani, moja mpya yenye kikombe kidogo juu, inang'aa kama kijiko cha arusi, nyingine ya zamani yenye kikombe kikubwa chini. Louis akaomba maji, akazijaribu zote mbili juu ya katoni ya sabuni, akaona ile mpya inachora mstari mwembamba unaofaa mlango wa gari, ile ya zamani inafungua upana sawasawa, akachagua ya zamani, kwa kuwa trekta ni mwili mkubwa na rangi yake ni nzito. Mwuzaji alicheka, akasema, muzee, unaacha bibi-arusi unatwaa mama-mkwe, naye akajibu kwamba mama-mkwe ndiye anajua kazi.

Aliitumia miaka kumi na saba, na hakuna trekta aliyoipaka juu ya kutu, alikwangua mpaka chuma cheupe, akaosha mafuta kwa petroli, akachuja rangi kwa kitambaa, akashika pistole mbali na chuma kadiri ya shubiri moja, mkono ukianza kutembea kabla kidole hakijafinya, na mtu aliyetaka afunike ubovu ili akauzie mwingine alifukuzwa na trekta yake, hata shemeji yetu mmoja alifukuzwa, anakaa hapa, anajua.

Tarehe 20 Januari 2003, vita ikiwa mu mji, Louis alikuwa akiipaka trekta ya muzee Aaron wa Gety, kingo zake tu, kwa pistole nyingine ndogo aliyobaki nayo, na ile pistole ilikuwa kwa Gustave huko Mudzi-Pela ikibadilishwa mpira, sasa Gustave akaibeba mu mfuko kuipeleka. Kwenye kizuizi askari walimvua viatu, mara ya tatu juma lile, wakamuuliza, weye, umebeba nini, na Gustave, mwenye hasira za karibu kama mnavyomjua, akajibu, pistole ya yaya wangu Louis wa Nyakasanza, na nyumbani iko nayo ingine. Wakafungua mfuko, wakaona chuma hawakijui, wakasema hii ni ya mchezo, tutafuata ile ingine. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kuongeza, ya rangi, na Gustave hakuyaongeza, kwa sababu alikuwa chini mu vumbi na aliona aibu kuwaeleza, na alipopiga kelele, ya rangi, ni ya rangi, gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na yule aliyebaki kumlinda alicheka.

Walipofika Nyakasanza walimuuliza Roger nyumba ya Louis ni ipi, mdomo wa bunduki ukiwa tumboni mwake, naye akaonyesha kwa kidole, na Louis alikiona kile kidole. Juma lililotangulia wawili hao walikuwa wamegombana kwa ajili ya rangi iliyopeperuka juu ya nguo za mke wa Roger, kwa hiyo hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Louis aliwatolea pistole yake ndogo ya rangi, wakaiponda kwa buti, wakamwambia leta ile ya risasi, wakampiga kifuani mpaka walipochoka.

Tangu siku hiyo watu walinong'ona kwamba alificha silaha, na trekta hazikuja tena. Mwezi wa Mei, mji ulipokimbia, Roger alileta pusupusu yake, ule mkokoteni wa kusukuma, kwenye ua ili mgonjwa abebwe, Louis akageuza uso, Roger akaiacha hapo, akaenda kwa miguu na watoto wake mgongoni, na aliyeisukuma pusupusu ile ni Gustave, akisikia njia nzima yaya wake akimlaani mtu asiye na kosa, na akanyamaza, yeye anayejisifu kila siku kwamba husema mambo wazi. Madaktari waliona mbavu mbili zilizovunjika na mapafu yaliyokula rangi ya miaka mingi, na Louis alifariki Jumapili tarehe 14 Septemba 2003, alfajiri.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi bila dawa za kutosha, mafundi wenzake, na muzee Aaron aliyetoa mbao za sanduku. Gustave anaomba msamaha kwa mama Marcelline na watoto, hapa, mbele ya wote. Majirani tunawashukuru, na wa kwanza ni Roger, aliyesimama nje ya ua tangu asubuhi, tunamwomba aingie, ashike sanduku upande wa mbele, na kama hataki, asilaumiwe na mtu, maana lawama hiyo sasa ina mwenyewe.

Yaya Louis, umeenda bila kuyasikia haya kwa mdogo wako. Pumzika, yaya, pumzika kwa amani.