Asma Hashimu, Mpima Upepo wa Dodoma

Wapendwa waombolezaji, assalaam alaykum, na wasio Waislamu tunawasalimu kwa heshima. Haya ni machache kuhusu maisha ya dada yetu, yaliyoandikwa na familia na kusomwa na mdogo wake, Khalidi.

Marehemu Asma Hashimu alizaliwa Haneti tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Hashimu Khalidi, mfanyabiashara aliyehamia huko kutoka Kondoa, na Bi Batuli. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Haneti, akaendelea na sekondari Msalato, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu uhandisi mwaka 1999. Kati ya 2006 na 2008 alisoma shahada ya uzamili Ujerumani, huku wanawe wakilelewa na bibi yao Haneti. Aliporudi walikuwa wanaongea Kirangi vizuri kuliko yeye, na hilo lilimfurahisha sana.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Bwana Hamza Makame, muuza vifaa vya umeme hapa mjini. Walipojenga nyumba yao Area D, Asma alitaka sebule ielekee upepo, hata mlango mkubwa ukaishia upande wa uani. Majirani walicheka. Hamza alizoea kuwaambia wageni waliokuwa wamesimama barabarani wakishangaa, "Zungukeni nyuma, huku mbele mke wangu ameupa upepo." Lakini mwezi wa kumi, joto likishapamba moto, majirani hao hao walikuwa wakija kupumzika sebuleni kwao.

Tangu 2008 alifanya kazi katika ofisi ya ushauri wa mipango miji hapa Dodoma. Wengi walimuuliza anafanya nini hasa. Alikuwa akiujenga mtaa ndani ya kompyuta kabla haujajengwa ardhini, nyumba kwa nyumba na mti kwa mti, kisha anaupulizia upepo na kuuwashia jua ili aone joto litatuama wapi.

Mwaka 2019 ofisi yake ilishauri ujenzi wa soko dogo Ipagala. Asma alithibitisha kwamba banda la mama lishe litapitisha hewa vizuri. Wanawake wakahamia. Baada ya wiki tatu wakamfuata ofisini, wakiongozwa na Bi Stara, macho yakiwa mekundu. Walimweleza kwamba moshi hautoki. Unapanda, unageuka, unawarudia usoni, na wateja wameanza kula kwingine.

Asma hakubishana nao. Alikwenda kukaa bandani siku nne, saa nne asubuhi hadi saa tisa, na kipima upepo chake na vipande vya utepe alivyovifunga kwenye nguzo. Aligundua kwamba ukuta wa uzio wa upande wa mashariki ulikuwa unaukata upepo, nao ukishavuka unajizungusha chini na kuurudisha moshi. Ukuta ule ulikuwepo kwenye michoro tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeuacha alipoujenga mtaa ndani ya kompyuta, akiuona mfupi mno.

Wenzake walimshauri aseme mafundi wameujenga vibaya. Alikataa. Kwenye kikao, mbele ya wenye mradi na mama lishe wote, alisimama akasema, "Kompyuta haikukosea, na fundi hakukosea. Ukuta niliusahau mimi. Naomba mnisamehe, na naomba utobolewe."

Bi Stara akamjibu, "Mwanangu, tumekusamehe. Njoo ule."

Ukuta ulitobolewa matundu, moshi ukatoka. Asma aliniambia kwamba alikwenda kwenye kikao kile akiamini ndiyo mwisho wa kazi yake. Kumbe baada ya hapo ndipo watu walipoanza kumwamini, na miradi ikamfuata hadi alipoacha kazi.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa kwa muda mrefu na kwa subira. Mapema mwaka huu hali ilipobadilika, watoto walitaka kuahirisha harusi ya binti yake mkubwa, Nasra. Asma aliwaita kitandani akawaambia, "Mimi ni mgonjwa, si mwenyekiti wa kamati. Harusi iendelee." Tarehe 17 Mei 2025 alikaa kwenye kiti mbele kabisa, amevaa gauni la rangi ya machungwa alilolichagua mwenyewe, na alikula pilau yake yote.

Alifariki hospitalini hapa Dodoma Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 51. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, Bi Batuli, mume, watoto watatu, Nasra, Aiman na Anifa, mkwe mmoja, na mdogo wake mmoja. Kama yupo ambaye Asma alimkosea, familia inaomba amsamehe.

Shemeji Hamza hakuweza kuandika. Ameomba tumsemee neno moja tu: kwamba ameishi na Asma takriban miaka ishirini na minne, na alikuwa na furaha.

Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake, na apumzike kwa amani.