Faili Alilofuta Wembe

Benchi letu liko mbele ya studio ya picha, na kahawa napika mimi. Siku hiyo walikuwepo watatu: Wembe, kinyozi anayenyoa vizuri kuliko anavyofikiri, Waya, fundi redio, na mwenye studio, tunamwita Mama Picha. Barua, mpeleka barua mstaafu, alikuwa kwake anafunga mizigo. Binti yake alikuwa njiani kuja kumchukua akaishi naye mbali, nasi tulitaka aondoke na picha yetu sote tukiwa benchini. Picha ilikuwa kwenye kompyuta, lakini programu ya kuichapisha ikagoma kufunguka. Ikasema kuna faili hailioni.

Mama Picha akalaumu vumbi. Wembe akasema ni joto, kisha akasema kompyuta inaionea wivu printa mpya, kisha akanyamaza ghafla. Wembe akinyamaza, ujue ana kesi.

— Jana ulikuwa unafanya nini humo ndani? nikamuuliza.

— Nilisafisha tu, Bibi. Nilitoa gemu, nikaona faili lake limebaki, nikalifuta.

— Lake? Waya akadakia. Lile ni la wote, bwana. Na programu ya picha inalitumia.

Wembe akabisha: kwa nini kila programu isibebe vyake? Waya akasema kompyuta ingejaa hadi mlangoni. Kazi inayohitajiwa na programu nyingi huwekwa kwenye faili moja, na kila programu hubeba jina lake tu. Ikiamshwa, kompyuta hulisoma jina, hulitafuta faili panapojulikana, huviunganisha papo hapo. Likikosekana, hakuna kuamka. Mimi darasa nililionea dirishani, lakini hilo nililielewa. Nilipokuwa napanga chumba, nyumba nzima tulikuwa na pasi moja. Mtu akiondoka nayo, sote tulitoka na makunyanzi.

Waya akaleta faili la jina lile lile kutoka kwenye kompyuta yake. Programu ikafumbua macho, ikazimia. Lile lilikuwa la zamani; kazi iliyoombwa halikuwa nayo. Wembe akashauri tulipe jina jipya, labda litajiona kijana. Waya akalitafuta lililo sahihi kwenye diski iliyokuja na programu yenyewe, na safari hii printa ikaguna, nyuso zetu zikatoka taratibu, Barua katikati.

Ndipo Barua akafika na binti yake, mwanamke mpole mwenye haraka. Akaitazama picha, akatutazama sisi.

— Baba amekaa hapa miaka yote. Alikuwa anawafanyia nini hasa?

Wembe na Waya wakishindwa jambo huwa wanamgeukia Barua. Walimgeukia hata kwa hili.

— Mwache kwanza anywe kahawa, mwanangu, nikasema.

Nikainamisha birika juu ya kikombe chake. Halikutoka hata tone. Barua akakiinua hivyo hivyo kitupu, asiniumbue, akapuliza, akaanza kunywa polepole.