Mizani wa Kreni Kubwa na Helikopta Iliyomshinda

Baada ya miaka thelathini na minne ndani ya kibanda cha kreni kubwa, Mizani anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Wahariri wa jarida letu la uwanja wa makontena waliwaomba watu watatu waandike habari zake, wote wakaogopa. Ndipo wakaja kwangu. Mimi ni mama yake mzazi, na pia nilipika kantini ya uwanja huu miaka ishirini na miwili, kwa hiyo ni mfanyakazi mwenzake halali kabisa. Shule niliishia darasa la saba, lakini kumwelezea mwanangu hakuhitaji cheti.

Jina la Mizani alipewa na wapakiaji mwaka wake wa tatu kazini. Kontena la tani ishirini alikuwa analishusha juu ya lori, na dereva aliyelala ndani anaendelea kukoroma. Hajawahi kukwaruza hata taa ya gari la mtu. Nasema haya bila kujisifu, ingawa mikono kama ile lazima imetoka tumboni mwa mtu.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: kufundisha hajui. Wanafunzi wanne walipanda naye kule juu, na wote wanne wakashuka wanalia. Alikuwa anakaa nyuma yao na spana mkononi, mtu akikosea kidogo anagonga bomba la kiti, kwaa! Wa tano ni Mama Pacha, dereva wa fokolifti, mwanamke mchapakazi aliyeomba nafasi hiyo miaka sita mpaka akaipata. Meneja alisema wazi kwamba Mizani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusaini kitabu cha mafunzo cha kreni ile. Siku ya kustaafu ikifika hajasaini, ataletwa mtu kutoka nje, na Mama Pacha atarudi kwenye fokolifti mpaka azeeke nayo. Mizani alikuwa ameshamfelisha mara mbili. Kosa lilikuwa lile lile: mzigo ukianza kuyumba inabidi uufuate unakokwenda ndipo utulie, na Mama Pacha kila ukiyumba anakakamaa kama mti.

Sasa katikati ya mambo hayo, miezi miwili kabla ya kuaga, mwanangu wa miaka sitini akaniambia anataka kununua helikopta. Nilikaa chini. Akanieleza ni ya kuchezea, ya kuongozwa kwa rimoti, maana anaogopa mikono yake itakosa kazi akishakaa nyumbani. Baba mzima, babu wa watu, mwenye miwani! Niliomba maji.

Tulikwenda dukani wote wawili, kwa sababu sikuamini mpaka nione. Mwenye duka alimshauri vizuri tu. Alimwambia anayeanza achukue ile ndogo yenye safu mbili za mapangaboi yaliyopandana, inatulia yenyewe hewani, na ikianguka haivunjiki ovyo. Mizani akaitazama kama mtu aliyepewa kijiko cha mtoto mchanga. "Dada, mimi nanyanyua tani ishirini," akasema, na akachukua kubwa yenye safu moja, ngumu kuliko zote zilizokuwa pale. Mwenye duka akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari.

Iliruka sekunde sita. Ilipaa sebuleni kwangu, ikaelekea kwenye kabati la vyombo, na mwanangu akafanya jambo ambalo hadi leo siliamini: aliachia vijiti vyote viwili vya rimoti akainua mikono. Kwenye kreni ndivyo inavyotakiwa. Ukiona hatari unaachia, na kila kitu kinasimama pale pale. Helikopta hiyo habari haina. Kijiti cha nguvu kilibaki juu kama alivyokiacha, nayo ikaendelea na safari yake mpaka kwenye sahani zangu za wageni. Tisa zilikwenda. Mimi nilibaki mdomo wazi, yeye mikono juu, kama tumevamiwa.

Akarudi dukani kimya kimya, akachukua ile ndogo. Nayo ikamtesa! Alibandika mraba wa utepe sakafuni, na kila akitoka kazini anahangaika kuituliza juu ya mraba ule. Mkia ukiwa upande wake, afadhali. Ikigeuka tu pua ikamtazama, kushoto kunakuwa kulia, anachanganyikiwa, anaachia, nayo puu, ukutani. Miaka yote ile kreni haijawahi kugeuka ikamtazama usoni. Wiki ya tatu akakaa kwenye kochi akasema, "Mama, siwezi." Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata alipokuwa anajifunza kutembea.

Akaamua kuipeleka kazini, ajifunze kwenye ghala tupu saa yake ya mapumziko, ambako kuna nafasi. Ghala gani lina siri? Siku ya pili walikuwa wamejaa mlangoni wanacheka mpaka wanashikana mabega. "Mizani leo mizani imekataa!" Mama Pacha hakucheka. Aliingia akasema, "Hebu nipe, mzee." Akainyanyua hadi usawa wa magoti, akaigeuza pole pole ikamtazama, akaitua ndani ya mraba. Pacha wake wanayo kama ile nyumbani, na hakuwa na mazoea ya kuachia, ndiyo tofauti. 

Kisha akamrudishia rimoti akasimama kando yake. Akamwambia asiipandishe juu ya magoti, aisogeze kidogo kidogo, na ikikimbia asiiachie. Mizani aliyumba nayo, ikaponea chupuchupu kugonga nguzo, lakini hakuachia. Nusu dakika nzima ikakaa hewani. Alipoitua akamuuliza, "Mbona nilipokosea hukunipigia kelele?"

"Ningekupigia kelele ungeachia tena," akajibu Mama Pacha.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu sita, nikawahoji mmoja mmoja kama askari, na wote wamesema sawasawa. Mizani alivua miwani, akaifuta, akasema mbele ya wote, "Mama Pacha, nisamehe." Mwanangu! Mimi niliyemzaa sijawahi kuombwa radhi naye, hata kwa zile sahani.

Kesho yake spana ilibaki chini. Walipanda pamoja siku kumi na moja. Ijumaa iliyopita ukafika mtihani wetu wa uwanja: kreni inabeba ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni, inavuka nayo uwanja mzima, inaitua juu ya pipa. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni pa kantini. Katikati ya safari upepo ukaipiga ndoo, ikaanza kuyumba, na sote tukainua macho kwenye kibanda tukisubiri kwaa. Hakuna kitu. Kreni ikaifuata ndoo taratibu, ndoo ikatulia, ikatua. Mkaguzi akachovya kidole, na hapo ndipo maji yakamwagika kwa mara ya kwanza. Mizani alikisainia kitabu juu ya goti lake, kwa mwandiko mzuri aliourithi kwangu.

Jumatatu Mama Pacha akapanda peke yake. Saa sita mchana Mizani akaingia kantini, akakaa mezani na wenzake. Miaka yote niliyopika pale, chakula chake nilikifunika kwenye bakuli, akakila saa tisa kimeshapoa, kwa sababu hakuna wa kumwachia kreni. Safari hii kilikuwa kinatoa moshi. Nje makontena yanapita juu, naye hageuki hata kutazama. Alipuliza kijiko, akala, akaomba aongezwe. Nilishindwa kula changu.

Uwanja wote unakushukuru, Mizani, na mimi nakushukuru zaidi yao. Pumzika na moyo mtulivu, uishi miaka mingi yenye afya, na kila unachokula kiwe cha moto.