Jumamosi Barabarani, Jumapili Majini: Maisha ya Stella Kinanu Rimberia

Stella Kinanu Rimberia, ambaye tumemsindikiza hapa leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 mjini Isiolo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Rimberia, mkulima na mfanyabiashara wa miraa, na Mama Kiende, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Sisi wadogo zake tulimjua kama mtu asiyeweza kupita kitu kilichoharibika. Mfereji wa jirani ukivuja, Kinanu yuko hapo na kipande cha mpira wa tairi. Mama akimtuma dukani naye akawie, alijua pa kumtafuta: popote palipo na watu wanaofungua mashine.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha akajiunga na Isiolo Girls, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1992. Mwalimu mmoja alimshauri aende ualimu. Kinanu alimjibu kwa heshima kwamba walimu wapo, lakini yeye hajawahi kuona mwanamke akishusha pampu kisimani. Mwaka wa 1994 alienda chuo cha maji Nairobi, akahitimu mwaka wa 1996.

Aliajiriwa na idara ya maji mwezi Aprili 1997 na kupelekwa Garbatulla. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa visima na masilanga, yale mabwawa ya kunyweshea mifugo, kutoka Garbatulla hadi Merti, na mbali zaidi hadi Sericho. Siku ya kwanza alipofika Sericho na lori la vifaa, wazee walizunguka lori lote wakimtafuta fundi. Mmoja wao, Mzee Jattani, alimuuliza, "Fundi amebaki njiani?"

"Ameshuka, Mzee," Kinanu alisema. "Anaomba mtu amshikie spana."

Maji yalitoka siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo wakamwita Mama Bishaan, yaani mama wa maji. Yeye na Mzee Jattani wakawa marafiki, ingawa hawakuwahi kukubaliana jambo lolote mara ya kwanza.

Kule Garbatulla ndiko alikokutana na Mwalimu Ekitela, na walifunga ndoa katika kanisa Katoliki hapa Isiolo tarehe 12 Agosti 2000. Mazungumzo ya mahari bado yanasimuliwa nyumbani. Wazee wa Ekitela, Waturkana, walipotaja ngamia, baba yetu akauliza, "Na huyo ngamia nitamfunga wapi, kwenye mahindi?" Ami yake Ekitela akamjibu, "Mfunge popote, Mzee, lakini mwaka huu usitegemee kuvuna." Walicheka mpaka chai ikapoa, na ngamia wakageuzwa kuwa ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kiende, aliyepewa jina la bibi yake, na Ewoi.

Mwezi Aprili 2012 mvua ilinyesha sana na silanga ya Sericho ikajaa. Kinanu alikuwa hapo akikagua ukingo wakati Wato, mjukuu wa Mzee Jattani, alipoteleza akichota maji. Ng'ambo na ng'ambo watu walisimama. Walitupa kamba, wakatupa fimbo za kuchungia, wakaita jina lake. Hakuna aliyejua kuogelea, hata Kinanu. Wato alitolewa akiwa amekufa.

Kwenye matanga Kinanu alimwendea Mzee Jattani, akamwambia, "Mzee, haya maji tumeyaleta sisi, na hakuna mmoja wetu anayeweza kuyaingia. Hiyo si sawa." Kinanu alirudi Isiolo na kuanza kumtafuta mtu wa kumfundisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Mtu huyo alikuwa Bi. Fardowsa, muuzaji wa maziwa ya ngamia, aliyelelewa na shangazi yake Mombasa na kujifunzia kuogelea huko. Meneja wa hoteli moja mjini aliwaruhusu kutumia bwawa lake alasiri za Jumatatu, wageni wakiwa wachache. Fardowsa mwenyewe anasimulia kwamba hajawahi kuona mtu akipigana na maji kama Kinanu. "Nilimwambia, dada, wacha ugomvi. Lala tu. Akaniambia, nikilala si nitazama? Nikamwambia, jaribu uone." Alijaribu, akaelea. Baada ya miezi michache walikuwa wakifundisha wanawake wengine, Waislamu na Wakristo, kila mtu na vazi lake. Wengi wao walijiunga pia na mazoezi ya kukimbia, kwa sababu Kinanu alisema mtu asiye na pumzi nchi kavu hataipata majini.

Lakini Sericho ilikataa. Kinanu alitaka wasichana wa huko wafundishwe kuogelea, na kila alipoomba, Mzee Jattani alikuwa na jibu moja. "Huko hotelini unaona chini. Maji ya silanga hayaonyeshi kitu. Sisi tumeshazika mmoja." Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa 2019 Kinanu alisikia kuna mashindano ya triathlon huko Timau, ya kuogelea katika bwawa la shamba, kuendesha baiskeli na kumaliza kwa mbio, yote kwa mfululizo. Alimpigia simu Mzee Jattani. "Njoo na wazazi wenzako mnione kwenye maji ya matope. Nikishindwa, sitakuuliza tena."

"Nitakuja," mzee alisema. "Na usije ukaniuliza tena."

Triathlon ilipangwa mwezi Novemba. Mvua ikaharibu barabara ya kuingia shambani, na waandalizi wakaisogeza hadi Jumapili, tarehe 8 Desemba. Jumamosi, tarehe 7, ilikuwa siku ya mbio za barabarani hapa Isiolo, ambazo Kinanu alikuwa amewaandikishia wanawake wa kundi lake. Kadhaa wao walikuwa wameruhusiwa na waume zao kwa sharti moja tu, kwamba Mama Kinanu atakuwa nao kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nyumbani kila mtu alimwambia achague. Mwalimu Ekitela hakuficha wasiwasi wake. "Una miaka arobaini na mitano. Ukimbie leo, kesho uingie kwenye maji baridi? Si uchague moja tu?"

"Nikiacha ya Jumamosi, hao mama watarudishwa jikoni," Kinanu alisema. "Nikiacha ya Jumapili, Mzee Jattani amemaliza maneno. Nichague gani?"

Ekitela akaenda kutafuta baiskeli ya kuazima.

Jumamosi jua lilikuwa kali mapema. Kinanu angeweza kumaliza mbio zile kwa urahisi na kwenda kupumzisha miguu, lakini hakukimbia mbio zake. Alikaa nyuma na wa nyuma. Istar, mama kijana aliyekuwa akishiriki kwa mara ya kwanza, alishikwa na kichomi karibu na uwanja wa ndege, akaketi kando ya lami.

"Mama Kinanu, niache. Kesho una kazi."

"Ya kesho tutaikuta kesho. Simama, tutembee mpaka pale kwa lile lori."

Walipofika kwenye lori walikimbia kidogo, wakatembea tena, na wakaingia kiwanjani pamoja wakati wengine walikuwa wameshakunywa soda. Mume wa Istar alikuwa amesimama langoni. Alimpa mkewe maji, halafu akamsalimia Kinanu kwa mkono kwenye kifua. Jioni ile vigimbi vya miguu ya Kinanu vilikuwa vigumu kama mawe, na Ekitela alivikanda kwa mafuta bila kurudia neno lolote kuhusu kuchagua.

Jumapili asubuhi Timau ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Mzee Jattani alikuwa ameshafika na wazazi kadhaa wa Sericho, wamejifunika shuka, wamesimama ukingoni mbali kidogo na wenyeji. Maji ya bwawa yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Firimbi ilipopulizwa, washiriki, wengi wao vijana, waliondoka kwa kishindo, na Kinanu akawafuata kwa mwendo wake.

Katikati ya bwawa mguu wake wa kulia ulikaza. Wote tuliokuwa ukingoni tuliona amesimama, kichwa kinazama, kinatoka. Fardowsa alishika kifua. Mzee Jattani aliingia majini na viatu vyake, na Ekitela akamshika kwa shuka asiende mbali. Ndipo Kinanu akageuka chali. Akalala pale katikati ya maji ya matope, uso juu, mikono imetandazwa, hafanyi lolote. Mwokoaji alipiga kasia hadi alipo.

"Mama, shika mtumbwi nikutoe."

"Asante, kijana. Kaa hapo karibu, lakini mimi sitoki."

Alikaa hivyo mpaka mguu ukalegea, akageuka tena na kuendelea. Alikuwa wa mwisho kutoka majini. Mzee Jattani alimngojea pale matope yanapoanzia, suruali imelowa mpaka magoti.

"Nilifikiri imeisha," alimwambia.

"Mguu ulikataa, Mzee. Ulikataa kama unavyoweza kukataa wa mtoto yeyote. Umeona nilichofanya?"

"Ulilala."

"Hicho ndicho nataka kuwafundisha kwanza."

"Nenda," mzee akasema. "Baiskeli yako inakungoja."

Aliiendesha ile baiskeli ya kuazima kwenye milima ya Timau, akaja kukimbia na miguu iliyokwisha kutumika jana yake, na alipomaliza waandalizi walikuwa wanakunja hema. Alikuwa wa pili kutoka mwisho, na hakuacha kututajia kwamba kulikuwa na kijana nyuma yake. Aliomba chai. Mzee Jattani alimletea mwenyewe, na walipokuwa wakinywa akamwambia, "Uje mvua ikisimama. Utaanza na wa nyumbani kwangu."

Alianza nao Januari 2020, dada wawili wa Wato wakiwa wa kwanza. Kutoka Sericho mafunzo yalienda Garbatulla na Merti. Mwaka wa 2023, silanga ya Sericho ilipojaa tena, mwanamke mmoja alitumbukia akiokoa mbuzi, na mmoja wa dada hao akamfikia na kumtoa. Kinanu alipopigiwa simu alikaa chini sakafuni, akalia, kisha akauliza kama mbuzi naye alipona.

Mwezi Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Meru na Nairobi, na alipokosa nguvu za kuingia majini aliwekewa kiti kando ya bwawa akafundisha kwa mkono na kwa macho. Fardowsa alimletea maziwa ya ngamia kila asubuhi na kukaa naye mpaka kikombe kiishe. Padre alipokuja kumpaka mafuta matakatifu, Kinanu alimsikiliza hadi mwisho wa sala, halafu akamuuliza, "Padre, unajua kuogelea?"

"Hapana, Mama."

"Jumatatu, saa kumi."

Padre alienda. Yuko hapa nasi, na anaelea vizuri.

Kinanu alituaga asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, nyumbani kwake Bulapesa, mkono mmoja ukishikwa na Ekitela na mwingine na Kiende. Hakuwa na hofu. Alikuwa ameshapanga ni nani atafundisha wapi baada yake, na alituambia hivyo ili tusijifanye hatukusikia.

Amemwacha mume wake, Mwalimu Ekitela. Watoto wake, Kiende na Ewoi. Mama yetu, Mama Kiende. Sisi ndugu zake. Rafiki yake Bi. Fardowsa, Mzee Jattani aliyesafiri tangu jana ili awe hapa, na wasichana na wanawake wa Sericho, Garbatulla, Merti na Isiolo ambao leo wanaweza kuingia majini na kutoka wakiwa hai.

Mungu akupe raha yake, dada yetu. Kazi yako tumeipokea.