Mikono ya Mama Lydie

Sogeeni, wanangu, wewe Sophie na wewe Ezéchiel, na wewe mke wangu Annette usibaki mlangoni. Pumzi yangu imekuwa fupi, na maneno niliyo nayo ni ya shukrani, nayo shukrani ikifungiwa moyoni inaoza.

Nilitoka Butembo kijana, sina mtu hapa Kisangani, na mji huu ukanipa mke, ukanipa nyinyi, ukanipa magasin, duka letu la pale Makiso. Hiyo magasin nawaachia nyinyi wawili, muifanye pamoja, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nyumba ya nyuma anamokaa Mama Lydie, nimesikia, Ezéchiel, unataka kuibomoa ujenge depo ya kuwekea soude tunayouza, na umesema yeye ni mtu wa kando, si wa ukoo. Sikukasirika. Siku aliponiokoa yeye, wewe ulikuwa ungali tumboni. Sikiliza basi.

Tulikuwa kwenye baleinière, mashua ile ya mbao ya abiria na mizigo, napeleka soude Opala kwa wamama wanaopika sabuni ya mawese. Mnaijua soude: nyeupe kama chumvi, lakini inakula ngozi, na maji kidogo yakiingia inachemka yenyewe bila moto. Nilikuwa nimeipanga juu ya mbao, mbali na vyakula vya abiria, na bâche mbili za kuzuia mvua juu yake. Ndani ya mto Lomami gogo likatupiga ubavuni, bâche zikapasuka, mvua ikaingia, na mfuko mmoja ukaanza kufuka. Baharia akainua ndoo ya maji akidhani ni moto. Nikamzuia, nikaushika ule mfuko niutenge na mingine, nao ukanipasukia usoni.

Wanangu, sijui niufananishe na nini uchungu ule. Macho yakaziba. Nikasikia watu wanabishana, huyu anataka kunipaka mawese, yule ndimu, ndipo sauti ya mwanamke ikasema, "Muache ndimu. Papa, usijifute. Miye niko hapa."

Alikuwa Lydie, wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko ya hapa Kisangani, abiria tu na kapu lake la samaki. Soude aliijua kwa mama yake, aliyepika sabuni. Alinivua shati, akanipangusa unga ule mkavu upesi kwa mikono mitupu, kisha ndipo akanimwagia maji ya mto, ndoo juu ya ndoo, akinifungua kope kwa vidole, njia nzima mpaka kwa wauguzi wa dispensaire ya Opala. Nilimwomba apumzike. Akasema, "Nikipumzika, macho yako yatakufa."

Jicho la kushoto lilibaki na ukungu. La kulia lilipona, na kwa hilo, Ezéchiel, nilikuona ukizaliwa. Mikono yake yeye haikupona. Vidole vilijikunja, na tangu hapo hakusuka tena mitego ya samaki, nami nikamleta akae nyumba ile ya nyuma. Wala hakuninung'unikia hata mara moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo nyumba ile ni yake, na baada yake ni ya watoto wake. Depo jengeni kwingine, mahali pakavu, mbali na jiko na vyakula. Wafanyakazi wavae gants mikononi na miwani. Soude ikimwagika, izoeni ikiwa kavu, msiimwagie maji. Ikimpata mtu, mpanguseni kwanza, kisha maji mengi, mengi, na msichoke kama yeye alivyokataa kuchoka.

Annette, nipe maji... asante. Umenitunza vizuri, mama.

Ndugu zangu watataka kunirudisha Butembo. Washukuruni, lakini nizikeni hapa. Mimi pia nilikuja mgeni, na sikufukuzwa.

Mungu awape mkate, awape usingizi mwema... na siku mtakapoanguka kati ya watu msiowajua, awainulie mmoja. Sophie, mwanangu, mubarikiwe... wote.

Ezéchiel, usilie. Nenda kule nyuma, umwambie Mama Lydie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba atakaa. Kisha urudi... unieleze alivyojibu. Nenda, mwanangu. Bado... nakungoja.