Mkono wa Milka: Maisha ya Fundi Joash Mirumbe Wangwe (1961–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, ni kaka yangu Joash Mirumbe Wangwe. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Kehancha, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Wangwe Motari na marehemu Mama Gati.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kijijini, akafika kidato cha pili, ndipo baba akafariki naye akarudi nyumbani kulima tumbaku. Darasani hakuwa wa kujivunia sana, tusidanganyane mbele ya jeneza. Lakini redio ya baba aliifungua akiwa darasa la tano, akaifunga tena skrubu nyingine zikiwa zimebaki mkononi, na redio ikaimba.

Mwaka 1983 alienda mjini Migori kujifunza ufundi wa redio, na baadaye akafungua kibanda chake karibu na soko. Mwishoni mwa wiki alipiga gitaa katika bendi ya muziki wa benga ya Homa Bay, hasa kwenye matanga. Gitaa lile lilipitia amplifaya kuukuu ya valvu, vile vioo vinavyowaka ndani kama taa. Watu walimshauri anunue mpya, akakataa katakata.

Tarehe 8 Desemba 1990, kanisani Magunga, alimwoa Milka, binti wa kisiwa cha Takawiri. Mama yetu, ambaye hakuwa amewahi kuonja samaki, alijifunza kula omena ili mkamwana asijione mgeni. Mungu akawajalia binti, Beverly.

Miaka ilivyosonga, ile amplifaya ikawa kali. Waombolezaji waliziba masikio, na bendi ikaanza kwenda matanga bila kumwita. Jambo hilo lilimuumiza sana.

"Yawa, Baba Beverly, hiyo kitu inakata masikio!" Milka alilalamika.

"Si mimi, ni valvu zimechoka."

Akabadilisha valvu zote. Akabadilisha spika. Akaifunika mdomo kwa gunia la mkonge. Kila ilipopoa, alisema sauti imelala, akapandisha tena kitufe cha sauti nyembamba. Mwishowe Milka akamwambia ukweli: "Mashine haina ugonjwa. Ni masikio yako haisikii tena hiyo sauti nyembamba, ndiyo unaipandisha."

Kaka alinuna. Alilisusa gitaa hadi mavuno yakapita. Kisha asubuhi moja akaweka kigoda mbele ya spika, akamwomba mkewe aketi. "Nitapiga. Ikikuuma, inua mkono," akasema. Akawa anapiga, anashusha, anapiga tena, hadi mkono wa Milka ukashuka ukatulia gotini. Pale kitufe kilipoishia, Milka akatia alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Bendi ikamrudia. Tangu hapo kigoda kilisafiri nao kila matanga, na kaka aliutazama mkono ule kuliko alivyotazama nyuzi.

Aliugua kisukari tangu mwaka 2019. Figo zilipochoka alilazwa Homa Bay, Januari mwaka huu. Alasiri ya Jumatano, tarehe 12 Februari, Milka aliinama akamuuliza, "Inauma?" Kusikia alikuwa hasikii tena, ila midomo ya mkewe aliijua. Akainua mkono. Milka akaushika. Ulikaa juu muda mrefu, kisha ukashuka polepole, ukatulia gotini pa Milka, naye kaka akawa ametuacha. Nilikuwepo, na nililia kama mtoto.

Ameacha mjane wake Milka, binti yake Beverly na mkwewe Cliff, mjukuu wake Liz, mimi dada yake Robi, na jamaa wengi wa Kehancha na Takawiri.

Kabla ya kaburi kufunikwa, Beverly atapiga gitaa la babake kwa amplifaya ile ile. Vijana wa mitambo, nimewaona mnavyoizunguka. Alama nyekundu isiguswe na mtu.

Wifi Milka, kigoda chako kiko pale mbele ya spika. Keti. Ikikuuma, inua mkono, tutashusha.

Pumzika kwa amani, kaka. Leo mkono huo tutautazama sisi.