Buick ya Usukani

Duka la donati la kona ya Mtaa wa Saginaw, mjini Flint, Marekani, lina benchi moja tu la dirishani, na benchi hilo lina wenyewe. Ni wazee wanne waliounda magari kiwanda kimoja mpaka kilipofungwa, na kazi ndizo zilizowabatiza. Milango alikuwa akifunga milango, Viti akipachika viti, Rangi akipuliza rangi, na Thaddeus Purnell, aliyefunga usukani, mpaka leo ni Usukani. Asubuhi hii ya mwisho ya Desemba, theluji imefika vifundoni na kahawa inafuka. Nje imeegeshwa Buick ya bluu ya Usukani, waliyoiunda wenyewe mwaka kiwanda kilipokuwa kinakata roho. Ndiyo iliyowaleta wote, kama kila asubuhi, Milango kiti cha mbele akipayuka kwenye kila taa ya barabarani: nyekundu hiyo, bwana, haya, kijani.

Leo gari la kuvuta linakuja kuichukua. Usukani ameitoa kwa shirika la hisani, na wenzake amewaambia ni mambo ya kodi: ukitoa gari kabla mwaka haujageuka, serikali inakupunguzia. Habari ya macho hakuwaambia. Katikati ya kila anachokitazama siku hizi pana ukungu, na kabla shule hazijafungwa alikanyaga breki wakati mama wa kuvusha watoto barabara keshashika boneti kwa mikono miwili. Siku ile alirudi nyumbani, akainua simu, akalipigia shirika. Kuonewa huruma na hawa watatu ndicho kitu asichokiweza.

— Hebu nieleweshe, alisema Milango akichovya donati. Hiyo kodi wanakupunguzia kiasi gani?

— Inategemea gari litauzwaje mnadani. Wanakutumia karatasi, unaipeleka kwa watu wa kodi.

— Acha fiksi! Rangi akadakia. Shemeji yangu alitoa pikapu yake nzima nzima. Kufika kule akaambiwa sadaka zako chache mno, baba, chukua punguzo la watu wote kama jirani yako asiyetoa hata baiskeli. Pikapu imekwenda, kodi iko palepale!

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema Viti, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda kufunga hoja.

— Jembe linaingiaje kwenye kodi? aliuliza Rangi.

— Fikirini.

Wakafikiri. Haikusaidia.

— Mimi kodi hainisumbui, alisema Milango. Nataka kujua Buick yenyewe inakwenda wapi.

— Inayeyushwa, alisema Viti. Chuma hakifi, bwana. Unayeyushwa mlango, unakuwa daraja. Inayeyushwa fenda, zinatoka sindano. Siku moja utalala hospitali, nesi akuchome, uruke juu. Kumbe ni fenda ya Usukani!

— Sindano gani, wewe? Rangi akavuta kiti karibu. Sikilizeni. Binamu yangu alikuwa anapakia magari bandarini Baltimore. Meli zile zina ghorofa kama hoteli, na kila ghorofa imejaa magari yetu, haya haya tunayoyaita makopo. Yanakwenda Cotonou.

— Ndiyo wapi huko? aliuliza Milango.

— Afrika! Kule gari halitupwi. Fundi wa kule anainamisha sikio kwenye injini kama daktari, anasema, wewe una homa ya pampu. Anafunga waya hapa, anagonga pale, gari linaamka. Binamu yangu kaambiwa na mabaharia, kuna Buick kule imebadilishwa kila kitu, injini, bodi, mpaka paa. Kilichobaki cha hapa Flint ni honi tu. Lakini ikipigwa hiyo honi, mtaa mzima unasema, Mmarekani huyo kapita.

Hapo hata mwenye duka alisimamisha birika hewani.

— Ngoja, alisema Milango taratibu. Unataka kuniambia sasa hivi, huko, kuna mtu anafungua mlango niliofunga mimi?

— Anaufungua, anaubamiza, na haujalegea.

Milango aliiweka donati chini. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena.

— Mimi nilidhani kazi yangu iliishia pale getini, alisema.

Usukani alikuwa akiomboleza gari moja. Hakuwahi kuwaza yale mengine yote yaliyopita mikononi mwake, na watu asiowajua wanaokata kona huko ng'ambo wameshika usukani aliokaza yeye. Dunia ni kubwa, na alikuwa ameigusa bila kujua.

— Na itarudi, alisema Viti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Itapigwa honi hapo nje tukiwa tumezikwa sote.

Hakuna aliyemcheka.

Gari la kuvuta likafika. Aliyeshuka ni mwanamama kijana mwenye kofia ya sufu, akapangusa viatu mlangoni.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Nani mwenye Buick?

Usukani akamkabidhi ufunguo na kadi ya gari aliyokwisha kuisaini.

— Inawaka, au niivute kwa winchi?

— Jaribu tu, binti.

Baridi ile ilikuwa imezima hata magari mapya mtaani. Mwanamama alipotoka na kuzungusha ufunguo, Buick iliitika mara moja. Wazee wote wanne wakasimama bila kuambizana, wakavua kofia. Injini ilinguruma kwa upole, Buick ikapanda juu ya gari la kuvuta kwa magurudumu yake yenyewe, na Rangi, mtu asiyenyamaza hata kanisani, alikuwa anafuta macho waziwazi.

Mwanamama akarudi na risiti.

— Hii ya kodi yako, mzee. Mungu akubariki. Halafu akawatazama wote wanne, akatazama sehemu tupu lilipokuwa gari. Na ninyi nyumbani mnarudi na nini?

Milango alimtazama Viti, Viti akamtazama Rangi, na Rangi akatazama kikombe. Hakukuwa na mwingine mwenye gari. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata Usukani mwenyewe. Mwanamama akaaga kwa adabu, akaondoka na Buick ikitikisika taratibu mgongoni.

— Jamani, alisema Usukani. Si kodi. Ni macho.

— Tunajua, alisema Milango.

— Mnajua nini?

— Wewe ulifikiri nakusomea taa za barabarani kila asubuhi kwa sababu nazipenda?

Usukani alitaka kukasirika, akashindwa. Miezi yote hiyo walikuwa wanapanda gari la mtu asiyeona vizuri, kila siku, wakijua, na hata mmoja hakubaki nyumbani.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Walifunga makoti, wakatoka. Viti akamshika mkono wa kulia, Rangi wa kushoto, Milango akatangulia mbele kwenye theluji mpaka kwenye njia panda.

— Nyekundu hiyo, bwana, alisema.

Wakasimama.

— Haya. Kijani.